UZI: Joho la bafuni kwenye vitabu, kwenye filamu, na huku kwetu Kigoma

#1 Mleta uzi, Kigoma

Habari zenu wakuu.

Leo nataka tujadili vazi ambalo wengi wetu tulilijua kwenye skrini kabla ya kuligusa kwa mikono: joho la bafuni. Lile la kitambaa cha taulo, refu hadi chini ya magoti, mkanda kiunoni, mifuko miwili mikubwa pembeni. Kwenye filamu za Kinaijeria na hizi zetu za Bongo, ukimwona mwanaume anashuka ngazi za ghorofa asubuhi kavaa joho hilo, hata ukizima sauti unajua huyo ndiye mwenye nyumba na ndiye mwenye fedha. Ukimwona binti kavaa joho la kiume anamimina chai, hakuna haja ya mtu kueleza alilala wapi. Na mke akirudi safari bila taarifa akamkuta mgeni ndani ya joho lake, hapo kila aliyekaa sebuleni anaacha kula.

Wengi hulisoma vazi hili kama alama ya uvivu au starehe. Mimi naona linazungumzia jambo jingine kabisa: bafu liko wapi, na kati ya bafu na kitanda anapita nani.

Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini, ukienda Gungu, Katubuka, Buzebazeba au Ujiji, bafu na choo viko uani. Mtazame mama anavyotoka chumbani kwenda kuoga. Kanga moja kaifunga kifuani, ncha kaipindua na kuisokomeza ubavuni ikashika. Ya pili iko mabegani, imeshuka hadi kwenye viwiko. Mkono mmoja ndoo, kopo linaelea juu ya maji. Mkono wa pili kisahani chenye sabuni na dodoki. Anavuka ua mbele ya kijana anayefua, mbele ya mzee anayesikiliza redio, mbele ya mgeni wa jirani. Anaamkia, anaamkiwa, anauliza hali ya mtoto aliyeshinda na homa. Mwanaume naye anavuka na msuli na fulana, taulo shingoni. Hakuna anayeshangaa, kwa sababu kanga na msuli vimefungwa kwa kujua kwamba macho ya watu yapo.

Joho la bafuni halijui macho hayo. Limeshonwa kwa ajili ya mtu ambaye akitoka kuoga hakutani na yeyote, na akikutana naye basi ni mtu aliyemruhusu yeye mwenyewe. Ndiyo maana kwenye filamu linafanya kazi kubwa namna ile. Tunaloonyeshwa ni mlango.

Sasa twende kwenye vitabu, maana huko kuna utajiri.

Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1769 makala fupi ya kulililia joho lake kuukuu la nyumbani. Alikuwa amepata jipya, jekundu la kuwaka, na la zamani likaondoka. Anavyolieleza utadhani anamzungumzia rafiki aliyehama. Kitabu kikishika vumbi, upindo wa joho ulikifuta. Wino ukigoma kushuka kwenye kalamu, ubavu wa joho ulikuwa tayari. Lilikuwa limejaa michirizi mirefu myeusi ya wino, na michirizi hiyo ndiyo iliyomtangaza kwa kila aliyeingia kwamba hapa anakaa mwandishi, mtu wa kazi. Ndani ya lile jipya anafanana na tajiri asiye na shughuli. Na balaa halikuishia hapo. Joho jipya lilikiaibisha kiti chake cha majani, akaweka cha ngozi. Ikafuata meza, ikafuata rafu, ikafuata mapambo ya ukutani, hadi chumba chote kikageuka. Anasema kwa joho la zamani alikuwa bwana, kwa jipya amekuwa mtumwa. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia wa Kanada, Grant McCracken, akaiita hali hiyo kwa jina la Diderot. Kila aliyewahi kuingiza kochi jipya ndani, akaona siku ileile pazia, zulia na meza ya tivii vyote vimezeeka, anamwelewa vizuri mzee huyu.

Halafu kuna Mrusi, Ivan Goncharov, na riwaya yake *Oblomov* ya mwaka 1859. Oblomov ni mwenye shamba anayeishi St Petersburg, na sehemu yote ya kwanza ya kitabu inakaribia kuisha hajatoka kitandani na kwenye kochi. Joho lake ni la kitambaa cha Kiajemi, pana kiasi kwamba angeweza kujizungushia mara mbili. Wasomaji wa Urusi walilichukua joho hilo kama picha ya uzembe wa tabaka zima. Nakubali, lakini naomba tuangalie na upande wa pili wa chumba. Pale yupo Zakhar, mtumishi, anayemvisha soksi. Na huko shambani wapo wakulima mamia, watumwa wa ardhi kwa sheria ya Urusi ya wakati ule, iliyofutwa mwaka 1861. Joho la Oblomov linasimama juu ya migongo hiyo. Ukiondoa Zakhar na wale wakulima, joho lisingedumu wiki.

Nimeleta hoja hii kwa sababu hata majumbani kwetu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko ni dada wa kazi, na hana joho. Ana kanga yake na sweta.

Na sisi wa Kigoma tuna tukio letu. Mwaka 1871 pale Ujiji, Stanley alipokaribia kukutana na Livingstone, alijipamba kwanza: suti mpya ya flaneli, buti zilizopakwa mafuta, kofia iliyopakwa chaki. Ameandika mwenyewe. Livingstone yeye alitoka alivyo, kizibao chenye mikono myekundu, suruali ya kijivu ya sufu, na kofia ambayo utepe wake wa dhahabu ulikuwa umepauka. Miaka yote tunasimuliwa maneno waliyosemezana. Ningependa tuangalie pia mavazi yao, kwa sababu aliyepauka ndiye aliyekuwa mwenyeji. Mgeni ndiye hujipamba. Aliye kwake hukupokea na alichovaa.

Naomba michango.

#2 Mchangiaji, Mwanga sokoni

Mkuu, mimi nauza mitumba, nitachangia ninachokijua.

Hayo majoho huja ndani ya belo la mataulo na mashuka. Mara nyingi ni meupe, mengine yana nembo ya hoteli kifuani iliyodariziwa kwa uzi. Mkanda ni kitu cha kwanza kupotea. Ukifungua belo utakuta majoho bila mikanda na mikanda bila majoho. Wateja hawaulizi mkanda, kwa sababu wengi hawanunui kwenda kuvaa. Wananunua kitambaa. Mama anashika upindo, anausugua kwa vidole kuona nyuzi bado zimesimama au zimelala, halafu anapima kwa mkono. Joho moja la mtu mnene linatoa taulo mbili za mtoto na vipande vya kupangusia. Mgongo ndio sehemu safi kuliko zote, haujachakaa. Mikono anaishona mdomoni, inakuwa mfuko wa kuogeshea mtoto. Fundi cherehani wa hapa jirani anaijua kazi hiyo, hata haulizi.

Wanaonunua kwenda kuvaa ni vijana wa dagaa wa Kibirizi, na wanachagua yale mazito. Usiku ziwani upepo unakata. Wanavaa juu ya sweta, wanajifunga kwa kipande cha kamba ya nyavu. Akirudi alfajiri joho lina magamba na harufu ya karabai. Kwa hiyo hiyo alama ya tajiri, huku kwetu ni koti la kazi.

#3 Mchangiaji, Tabora

Mtoa mada, umeandika vizuri, lakini nina swali zito. Mimi naishi Ipuli, chumba masta, bafu liko ndani. Nikitoka kuoga sikutani na mtu. Kwa hesabu zako nilitakiwa niwe na joho. Sina, na sioni mwenzangu mwenye chumba kama changu akiwa nalo. Wote tunajifunga msuli au taulo. Unasemaje?

Halafu kuhusu uvivu: huwezi kuufuta kirahisi hivyo. Katika *The Big Lebowski*, filamu ya Marekani ya 1998, jamaa anaonekana mwanzoni kabisa dukani usiku kavaa joho la nyumbani, anaandika hundi ya senti 69 kwa ajili ya maziwa. Hana kazi, hana mali, hana mtumishi. Pale joho ni uvivu mtupu.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Ipuli, swali zuri sana, limenifanya niende mbali zaidi.

Bafu kuwa ndani ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni hodi. Kwetu mtu anabisha hodi bila kupiga simu, na asipobisha jirani atabisha mtoto wake kuomba chumvi. Ukiwa na msuli na fulana unafungua mlango, unamkaribisha, unakaa naye, unamsindikiza mpaka barabarani. Mwanamke akiwa na dera au kanga anatupia mtandio, basi, mgeni apite. Joho la bafuni haliendi sebuleni kwetu. Ukikaa linafunguka mbele. Ukiinama kupuliza jiko la mkaa, mikono ile mipana inakwenda kwenye moto. Na masika likilowa linakaa kwenye kamba hadi linaanza kunuka. Vazi hili linataka siku isiyo na mgeni wa ghafla, na mashine ya kukaushia nguo.

Kuhusu yule wa dukani: hana mali, kweli. Lakini angalia alivyo salama. Anaingia dukani hivyo, anatoka, hakuna anayemfuata wala kumpigia makelele. Vijana wa pale Mwanga wangemzunguka kabla hajafika kaunta, na wazee wangeuliza ndugu zake wako wapi wamrudishe nyumbani. Huo nao ni ukwasi wa namna yake, kuvuka barabara na nguo za kulalia bila kuulizwa akili yako iko sawa.

#5 Mchangiaji, Tabora (mwalimu)

Hapo kwenye akili mmenigusa. Kuna mtu wa kweli aliyelitumia joho hivyo: Vincent Gigante, mkuu wa genge la Genovese kule New York. Kwa miaka mingi alikuwa akitembea mitaa ya Greenwich Village kavaa joho la bafuni na kandambili, anajisemea peke yake, ili mahakama iamini amerukwa na akili. Madaktari wakabishana miaka na miaka. Alitiwa hatiani mwaka 1997, na mwaka 2003 akakiri mahakamani kwamba alikuwa anadanganya. Alilijua vazi lile vizuri kuliko wahakiki wote: ndani ya nyumba ni bwana, ukivuka kizingiti nalo ni kichaa. Akatumia umbali wa hatua chache tu.

Watunzi wa *The Sopranos*, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoonyeshwa kati ya 1999 na 2007, waliuchezea mpaka huohuo. Tony, mkuu wa genge, anateremka na joho jeupe kuchukua gazeti mwisho wa njia ya nyumba yake. Yuko nje, watu wanaweza kumwona, na hajali. Huko nje napo ni kwake. Lakini macho yake yanazunguka, maana polisi wanaweza kuwa wamekaa kwenye gari lolote.

Nimeipenda ile ya Diderot. Ongezeni na Balzac, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa. Aliandika usiku kucha, kahawa pembeni, kavaa joho jeupe kama la mtawa. Mchongaji Rodin alipopewa kazi ya sanamu yake mwaka 1891, baada ya miaka ya kuhangaika alimfunika mwili wote kwa joho hilo, likabaki kichwa tu juu. Waliomwagiza walipoiona mwaka 1898 waliikataa. Ilisimamishwa Paris mwaka 1939, Rodin akiwa amekufa zamani. Nikiwafundisha wanafunzi wangu fasihi huwa nawaambia waangalie mhusika amevaa nini wakati anafanya kazi yake halisi, si wakati anakwenda kwenye sherehe.

#6 Mchangiaji, Ujiji (mama)

Nimesoma wanaume mkizungumza, ngoja na mimi niweke langu.

Mnasema joho ni bafu, ni mlango, ni mgeni. Kwa mwanamke ni jambo la nani ana haki ya kukupokea akiwa hajavaa. Oktoba 2017 gazeti la New York Times lilitoa habari za Harvey Weinstein, mtayarishaji mkubwa wa filamu Marekani. Mwigizaji Ashley Judd alieleza kwamba aliitwa hotelini akidhani ni kifungua kinywa cha kazi, akapelekwa chumbani, akamkuta mwenyeji wake kavaa joho la bafuni. Mwaka 2022 mahakama ya Los Angeles ilimtia hatiani kwa ubakaji. Tangu habari zile, mimi nikimwona bosi wa kwenye filamu kavaa joho anamwita sekretari, sicheki tena. Mwenye cheo ndiye anayeweza kukufanya uonekane wewe ndiye umeingia pasipostahili, ilhali ni yeye aliyekuita.

Na hili tunalo bila joho. Binti anatumwa kupeleka karatasi nyumbani kwa mkubwa wa kazi, anaambiwa apite ndani, mkubwa yuko na taulo kiunoni. Mama zetu walitufundisha: ukimkuta mtu hivyo, karatasi iache mlangoni, geuka, ondoka. Mabinti wanaosoma uzi huu nawaambia vilevile.

Jambo la pili. Nilipojifungua, shemeji yangu aliyeko Dar aliniletea joho jipya la rangi ya waridi. Zuri, laini. Nilipokwenda hospitali nililiweka kwenye begi pamoja na kanga zangu. Muuguzi alipofungua begi alitoa kanga zote, joho akalirudisha. Kanga moja ya kutandika, moja ya kumpokelea mtoto, moja ya kujifunga baadaye, moja ya kumbebea kutoka. Kanga inachanika sawasawa, inafuliwa inakauka upesi, inazunguka mwili ulivyo siku hiyo. Joho lina umbo lake tayari, na mwili wa mzazi hauna umbo wiki ile. Bado ninalo. Nilijifunika nalo mtoto alipougua usiku wa baridi, likanifaa.

#7 Mchangiaji, Mwanga sokoni

Mama wa Ujiji, nakuunga mkono kwa yote. Na kuhusu kanga, nina la kuongeza: mtu akifariki, majirani wanakuja na kanga. Sijaona anayeleta joho.

#8 Mchangiaji, Tabora

Mmesahau ndondi! Joho la bondia ni ndugu wa hilo la bafuni, na lenyewe linavaliwa mbele ya maelfu. Katika *Rocky*, filamu ya ndondi ya 1976, bondia anapewa joho linalompwaya, mgongoni lina tangazo la kampuni ya nyama. Analiona kabisa kuwa si kipimo chake. Linakueleza kuwa waliomleta ulingoni hawakumtarajia ashinde. Bondia akivua joho, kazi imeanza. Wa bafuni akilivaa, kazi imeisha au haijaanza.

#9 Mchangiaji, Tabora (mwalimu)

Swali kwa mleta uzi. Umeliweka joho la nyumbani kama vazi la wenzetu. Je, kwa asili ni lao? Mimi nikilitazama naona joho la Waarabu wa Kwihara na Ujiji, lile la kuvaa juu ya kanzu.

#10 Mleta uzi

Mwalimu, umepiga penyewe. Ulaya ililipata kutoka mashariki. Karne ya 17 meli za kampuni za biashara za Uholanzi na Uingereza zilirudi na majoho mapana ya hariri na pamba kutoka Japani na India, na matajiri wakaanza kuyavaa nyumbani. Hata la Oblomov, Goncharov anasisitiza ni la mashariki hasa, halina dalili ya Ulaya. Kitambaa cha taulo nacho kina safari kama hiyo. Uturuki, mji wa Bursa, ulikuwa ukikifuma kwa mikono. Mwingereza Henry Christy akakiona, akakipeleka kwao, na mwaka 1851 kampuni ya familia yake ikakionyesha kwenye maonyesho makubwa ya London.

Na mfano ninaoupenda zaidi ni wa Samuel Pepys, mtumishi wa serikali wa London aliyeandika kumbukumbu za kila siku. Mwaka 1666 alichorwa picha, na joho la Kihindi alilovaa kwenye picha hiyo alilikodi. Amekiri mwenyewe kwenye kumbukumbu zake. Mnaokumbuka studio za picha za zamani pale mjini, zile zenye koti na tai zinazoning'inia nyuma ya pazia kwa ajili ya kila mteja, mnaona Pepys alikuwa ameketi kwenye benchi hilohilo.

Kwa hiyo lilipofika Ujiji kwa msafara, joho lilikuwa vazi la baraza. Mwenye heshima alilivaa kutoka nje na kukaa na watu. Lilipofika London likaingizwa ndani, likafungiwa chumbani. Limerudi kwetu kwa filamu na belo likiwa tayari limefungiwa. Wa kulitoa nje tena ni hao vijana wa Kibirizi, na kwa maoni yangu wamelitendea haki kuliko waigizaji.

Mama wa Ujiji, ushauri wako kwa mabinti nimeuweka juu kabisa ya uzi ili kila anayeingia aukute. Mkuu wa mitumba, kesho nitapita kwako. Nahitaji lile zito, hata kama halina mkanda. Mzee wangu yuko Kasulu na Julai hii baridi imemshika.